Maji Yasiyoacha Alama

Mpita njia katika mtaa wa kawaida wa Uingereza anaweza kudhani msafisha madirisha ameiacha kazi njiani. Mtu amesimama chini, miguu kwenye lami, ameshika upondo mrefu ambao ncha yake ina brashi inayotiririsha maji. Anasugua kioo cha ghorofani, anazungusha brashi kwenye fremu, anasuuza kwa sekunde chache, kisha anahamia dirisha jingine. Hapangusi. Hana kitambaa, hana sabuni, hana ngazi. Kioo kinabaki kinachuruzika, na mwenye nyumba asiyezoea huduma hii hutoka nje na maswali. Akiwa na subira kidogo, ataona kioo kimekauka chenyewe na hakuna tone lililoacha doa.

Siri yote imo ndani ya vani iliyoegeshwa kando ya barabara, mlango wa nyuma ukiwa wazi kidogo ili mpira wa maji upite. Mimi ni mtu wa kuchungulia migongo ya magari haya, na nakiri kwamba baadhi yake yamenifurahisha kuliko majengo ninayopelekwa kuyatazama na wenyeji wangu. Tanki, pampu, betri, machujio, mipira: vitu vya kawaida kabisa, vinavyouzwa kila mahali. Uzuri uko katika mpangilio. Katika gari lililofungwa vizuri, kila kifaa kimewekwa kumlinda mwenzake anayefuata, na ukiondoa kimoja, madhara huonekana kwa kingine, tena baada ya wiki kadhaa.

Tuanze na doa lenyewe. Alama nyeupe inayobaki maji yakikauka ni madini yaliyokuwa yameyeyuka ndani ya maji: kalsiamu, magnesiamu na chumvi nyingine. Maji huruka, madini hubaki. Aliyewahi kuoshea glasi maji ya kisima kirefu Dar es Salaam, au kuchemsha chai Unguja au Mombasa kwa maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, anaijua alama hiyo, na anaujua ukoko wake ndani ya birika. Msafisha madirisha huyapima madini hayo kwa kidude cha mfukoni kinachopitisha umeme kidogo majini. Madini yakiwa mengi umeme hupita kwa urahisi, na namba hupanda: sehemu kadhaa kwa milioni. Namba anayoitaka ni 0. Wengi huvumilia hadi karibu 10. Baada ya hapo kioo huanza kusema.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kujua maji ya bomba yametoka wapi, na hapa jiografia ya Uingereza inaingia garini. London hunywa maji ya mto Thames na ya visima vya miamba ya chaki, na kipimo husoma 300 au zaidi bila kushangaza mtu. Glasgow ni habari nyingine: tangu 1859 jiji hilo linaletewa maji ya ziwa Loch Katrine, maji ya mvua ya milimani ambayo hayakupata nafasi ya kuokota chokaa. Manchester ililetewa ya Thirlmere mwaka 1894 kwa njia ya maji yenye kilomita 154 hivi, na Birmingham ikapata ya bonde la Elan huko Welisi mwaka 1904 kwa njia ya kilomita 118, yote yakishuka kwa mteremko tu. Wahandisi wale walikuwa wakihangaikia kiu na magonjwa ya miji iliyosongamana. Hawakuwa na habari kwamba wanamrahisishia gharama mtu wa karne ya 21 mwenye brashi na vani.

Mtu wa Glasgow anaweza kujitosheleza kwa mtungi mmoja wa resini. Wa London akifanya hivyo atafilisika. Resini ni chembe ndogo za plastiki za aina mbili zilizochanganywa. Aina moja hunasa madini yenye chaji chanya na kuachia haidrojeni. Ya pili hunasa yenye chaji hasi na kuachia haidroksidi. Na hivyo vilivyoachiwa vikikutana vinakuwa maji. Naona ni mojawapo ya hila safi kabisa katika kemia ya kila siku: kichujio kinacholipa kwa maji kila kinapopokea uchafu. Lakini chembe hizo zina kiwango cha kunasa, na kiwango kikijaa hazifai tena. Maji ya 300 huzimaliza mara 30 na zaidi kwa haraka kuliko maji ya 9. Zikipita muda wake nazo hutoa taarifa kwa harufu ya samaki, ambayo hakuna anayeisahau.

Ndiyo maana mbele ya resini fundi wa maji magumu huweka utando. Ni bomba la karibu unene wa sentimita 10 na urefu wa mita moja, ndani yake limeviringishwa tabaka jembamba la plastiki ambalo maji hulazimishwa kulipenya kwa presha. Maji hupita, sehemu kubwa ya madini, zaidi ya 95 katika kila 100, hukataliwa na kutoka kwa mlango mwingine. Teknolojia hii si ngeni kwa msomaji: ndiyo iliyo nyuma ya maduka ya kujazia maji mitungi ya lita 20 mjini Nairobi, na ndiyo inayofanya maji ya bahari yanyweke katika nchi za Ghuba. Katika karakana ya msafisha madirisha mtambo huo umesimama ukutani na kufanya kazi usiku kucha, taratibu, huku mwenyewe amelala. Asubuhi tanki limejaa.

Utando nao una adui. Klorini inayotiwa kwenye maji ya bomba ili kuua vijidudu huuharibu polepole, kwa hiyo mbele yake hukaa chujio la mkaa linaloinyonya klorini. Mkaa huzibwa na kutu na mchanga mwembamba kutoka mabomba ya mtaani, kwa hiyo mbele ya mkaa hukaa chujio la nyuzi. Sasa fuata mstari kwa kidole: nyuzi zinaulinda mkaa, mkaa unaulinda utando, utando unailinda resini, resini inakilinda kioo. Chujio la nyuzi ndilo la bei ndogo kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa. Mtu hubana matumizi kwa kuacha kulibadilisha, halafu analalamikia bei ya utando mpya.

Kuna jambo moja la mtambo huu lisilonipendeza, na sitalificha kwa sababu ya kuusifu. Kwa kila lita inayotoka safi, lita nyingine hivi hutoka ikiwa imebeba madini ya zote mbili, na wengi huiachia iende na mtaro. Wapo wanaoikusanya kumwagilia bustani na kuoshea magari. Wapo pia waliokwenda mbali zaidi wakaanza kukinga maji ya mvua, ambayo tangu mawinguni hayana madini mengi, kisha kuyachuja majani na vumbi la paa na kuyapitisha kwenye resini. Nchi yenye mvua kama ile, nashangaa kwa nini si kila mmoja afanye hivyo.

Boya ndani ya tanki hufunga maji tanki likijaa, kama lile la tanki la juu ya nyumba. Kabla ya yote, kwenye koki, hukaa vali inayozuia maji yasirudi nyuma na kuchafua bomba la umma. Kanuni za maji za Uingereza za 1999 zinalitaka hilo. Tanki lenyewe huwa bora likiwa jeusi, au liwe limefunikwa, kwa sababu mwanga ukipenya mwani wa kijani huota hata kwenye maji safi. Tena maji yaliyovuliwa madini yana njaa: hunyonya kaboni dioksidi ya hewani, hulamba shaba ya viungio, na namba ya kipimo hupanda taratibu yakikaa. Ndiyo sababu wengi huchagua viungio vya plastiki na kuyatumia maji yakiwa mapya.

Hapo tumepata maji. Bado hatujayabeba, na hapa ndipo namtofautisha fundi na mbahatishaji.

Lita moja ni kilo moja. Hakuna namna ya kuibembeleza hesabu hiyo. Tanki la lita 400 ni kilo 400 kabla hujahesabu tanki lenyewe, fremu yake, mpira, betri, pondo, na mtu aliyekula staftahi. Vani ndogo nyingi zinaruhusiwa kubeba kilo 600 hadi 900 hivi, na kibati cha mtengenezaji kinachotaja uzito wa juu kabisa kimebandikwa garini, wazi kwa yeyote, mkaguzi akiwemo. Mwenye tamaa hufunga tanki la lita 650 kwenye gari lisiloliweza, kisha breki zinachelewa na matairi yanakwisha upande mmoja. Mwenye hekima huuliza kwanza atatumia maji kiasi gani. Brashi ikitoa lita moja na nusu kwa dakika, nyumba ya dakika 12 itakunywa lita 18. Kwa tanki la 400 anafanya nyumba 22 kabla halijakauka, na wengi hawafiki hapo kwa siku.

Uzito wa maji una tabia mbaya zaidi ya uzito wa matofali, kwani unatembea. Aliyewahi kupanda boza la maji lililojaa nusu anajua: dereva amefunga breki, gari limesimama, kisha mzigo unafika kwa kuchelewa na kulisukuma tena. Matanki ya kazi hii kwa hiyo hugawanywa ndani kwa kuta zenye matundu, maji yapite lakini yasikimbie. Tanki hulazwa chini badala ya kusimamishwa, likaegemea ukuta wa chuma nyuma ya dereva, uzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma.

Na halifungwi kwa mikanda ya kufungia mizigo. Chukua gari linalokwenda kilomita 48 kwa saa, likagonga na kusimama ndani ya nusu mita. Katika kipande hicho cha sekunde kila kilo hutaka kwenda mbele kwa nguvu ya kilo 18, na lita 400 zinakuwa zaidi ya tani 7 zinazomwelekea mgongoni mtu aliyekaa mbele. Mkanda wa dukani haujatengenezwa kwa hayo, wala bati la sakafu ya gari. Fundi hutoboa sakafu, akapitisha boliti nene, na chini ya gari akaweka mabamba ya chuma ili nguvu isambae badala ya kuchana bati. Fremu bora ni zile zilizokwisha jaribiwa kwa kugongeshwa. Kabla ya kutoboa hulala chini ya gari na tochi, aone tanki la mafuta liko wapi na mabomba ya breki yanapita wapi. Hatua hiyo ya kulala chini na tochi haionekani na mteja yeyote, na mimi ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote.

Umeme ni mdogo lakini unadai adabu. Pampu ni ya volti 12, ya kiwambo kinachopiga ndani na nje, yenye uwezo wa lita 5 kwa dakika na presha ya baa 7 hivi. Haichukui umeme wa betri ya kuwashia gari. Ina betri yake, ya aina inayostahimili kutumika polepole mchana kutwa. Zamani waya mmoja na rilei vilitosha kuichaji gari likitembea. Vani za siku hizi zina alterneta janja inayopunguza volti mara inapoona betri kuu imeshiba, kwa hiyo betri ya pili inabaki na njaa bila mtu kujua, hadi siku pampu inapokohoa saa nne asubuhi. Dawa yake ni chaja ndogo kati ya betri mbili, inayopandisha volti yenyewe. Fyuzi hukaa karibu kabisa na betri, si upande wa pampu, kwa sababu waya unaoungua ni ule ulio kabla ya fyuzi.

Kati ya betri na pampu hukaa kidhibiti, kisanduku chenye namba kinachopunguza au kuongeza kasi ya pampu. Kazi yake inayojulikana ni kuokoa maji. Kazi ya pili ni kuhisi: mtu akifunga maji kwenye upondo, presha hupanda, pampu huhemewa na kuvuta umeme zaidi, na kidhibiti hulitambua hilo na kuizima. Akifungua, inaanza. Kila gari lina urefu wake wa mpira na ubishi wake, kwa hiyo kidhibiti hupimishwa upya kwa kila gari, na wale wasiokuwa na subira ya dakika hizo chache ndio utakaowaona wakipiga teke tanki.

Mpira wenyewe ndio sehemu inayodanganya akili. Watu hufikiri pampu inahangaika kuyapandisha maji ghorofani. Kuyainua mita 10 kunadai baa moja tu. Lakini kupitisha lita 2 kwa dakika ndani ya mita 100 za mpira wenye tundu la milimita 6 hula karibu baa 4 kwa msuguano, mpira ukiwa umelala tu chini. Ongeza tundu liwe milimita 8 na msuguano unashuka hadi karibu baa moja. Milimita mbili! Basi kwa nini kila mtu asichukue mpana? Kwa sababu mpira wa 8 hubeba lita 5 ndani yake, na wa 6 chini ya lita 3, na mtu huyu anauburuta kutwa nzima akipinda nao kwenye kona za nyumba, chini ya milango ya bustani, kuzunguka maua ya bibi mwenye macho makali. Anayefanya nyumba ndogo za karibu karibu atachagua mwembamba. Anayefanya majengo makubwa atachagua mpana. Hakuna jibu la dukani.

Kati ya tanki na pampu huwekwa chujio dogo la wavu, kwani kipande kimoja cha plastiki kilichobaki tangu tanki lilipotobolewa kinatosha kuikwamisha vali ya pampu. Na tanki lazima lipumue. Kifuniko kikibana bila tundu la hewa, pampu huvuta utupu, kuta za tanki huanza kuingia ndani, maji hupungua, na mtu anabadilisha pampu nzima kwa kosa la tundu.

Baridi ya Januari ina sura yake peke yake. Maji yaliyobaki ndani ya pampu yakiganda huipasua kichwa, kwa hiyo jioni watu huiondoa pampu na kuingia nayo ndani, au huacha kihita kidogo kikiwaka garini. Na maji yanayodondoka kwenye njia ya mteja huganda pia, na asubuhi ikiwa ya baridi kali ni heri kurudi nyumbani.

Kazi hii haikuzaliwa hivi. Mwaka 1936 Ettore Steccone, Mwitaliano aliyehamia California, alipata hataza ya kile kipande cha mpira chenye mpini cha kuvutia maji kiooni, na mwaka huohuo mchekeshaji George Formby wa Uingereza akatoa wimbo wake juu ya msafisha madirisha anayeona mambo ya watu akiwa juu ya ngazi. Ngazi ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, na ndiyo iliyowaangusha wengi. Kanuni za kazi za juu za 2005 zilipotaka watu waepuke kupanda pale ambapo kazi inaweza kufanywa kutoka chini, upondo na maji safi vikawa na hoja ya sheria mbali na ya urahisi. Upondo nao ulikuja na hatari yake: pondo za nyuzi za kaboni ni nyepesi lakini zinapitisha umeme, na nyaya za mtaani hazisamehe. Huko Uskoti, kwa sheria ya 1982, halmashauri inaweza hata kumtaka msafisha madirisha awe na leseni yake, jambo ambalo wenzake wa kusini huliona kichekesho.

Wauzaji hupenda kusema kwamba maji yaliyo safi namna hii hula uchafu yenyewe. Nawapunguzia chumvi. Brashi ndiyo inayong'oa. Maji huchukua na kuondoka. Ndiyo sababu dirisha linalosafishwa mara ya kwanza kwa njia hii huweza kuleta fedheha: uchafu wa miaka uliojificha juu ya fremu huendelea kushuka baada ya brashi kuondoka, na matone yake hukauka na madoa. Mwenye kujua huanza na fremu ya juu, husuuza mara mbili, na humwambia mteja mapema kwamba raundi ya pili ndiyo ya kuhukumia.

Ningeulizwa kuchagua kati ya vani mbili zilizotumika, nisingeanza na tanki, maana tanki yeyote ananunua. Ningefungua mlango nitafute fyuzi na kupima kwa jicho umbali wake kutoka betri. Ningetazama kama mipira imeandikwa inakotoka na inakokwenda. Ningegusa chini ya kila kiungio kwa kidole kikavu. Ningelala chini nione mabamba ya boliti, kama yana kutu na kama yapo kweli. Mwisho ningeomba chujio la nyuzi lifunguliwe. Likiwa jeupe kiasi, tungezungumza bei.